Kikohozi Ndani ya Nyumba Tupu

Sehemu ya Saba

Mtu alikohoa. Tena alikohoa ndani, kwenye nyumba ambayo haijalaliwa na mtu tangu mwenyewe afariki.

Wiki iliyopita tulimwacha mshonaji wetu mlangoni kwa marehemu baba yake, ufunguo umeshaingia kwenye kitasa, mnunuzi amesimama nyuma yake, na wewe msomaji ukanilaani kwa kukata hapo. Nimesikia. Haya, nimerudi, punguza hasira twende.

"Umeniambia nyumba ni tupu," mnunuzi akasema.

Mnunuzi mwenyewe ni mwanamke wa miraba minne, anaoka na kuuza mikate, na mtaa mzima unamwita Mama Mikate. Alikuwa akitafuta nyumba mbovu ya bei nafuu, avunje kuta za ndani na kuweka matanuri. Ubovu haukumtisha hata kidogo. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba akikabidhiwa ufunguo asikute kiumbe ndani.

"Ni tupu," mshonaji akajibu.

"Utupu wa kwenu unakohoa?"

Tusidanganyane, mshonaji hofu alikuwa nayo. Wezi walishaingia humo wakabeba pampu ya maji, wakarudi kufuata nyaya, na safari ya mwisho wakaondoka na mlango wa choo. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akatumbukiza mkono kwenye mkoba, akatoa mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, akausukuma mlango kwa bega.

"Toka!" akapiga kelele. "Toka kabla sijakukata masikio!"

Harufu ya rangi mbichi ikamvaa usoni. Katikati ya sebule palikuwa na ngazi, na juu ya ngazi palikuwa na mwanamume aliyeshika brashi, nywele zake nusu nyeusi nusu nyeupe kwa matone ya rangi.

"Funga mlango!" mwanamume akasema kwa kunong'ona. "Funga haraka, wasituone!"

Mkasi ukashuka wenyewe.

"Kaka?"

Naam, kaka yake wa tumbo moja. Ni mwalimu wa udereva, watu wanamwita Klachi, kwa sababu hata msibani atakuambia ukanyage klachi kwanza ndipo ulie. Nyumba hii waliachiwa wao wawili, na bila sahihi yake haiuzwi. Kwa mwaka mzima alikuwa akikwepa kuitia, leo anaumwa, kesho ana wanafunzi, keshokutwa simu imezima.

"Unafanya nini humu?" dada mtu akauliza.

"Naokoa nyumba. Manispaa wameingia, dada. Wameweka alama za X kila mahali. Nyekundu! Huku ukutani, kule dirishani, jikoni, hata kwenye nguzo ya baraza. Wanabomoa hawa! Nikasema nifute kabla hawajaleta tingatinga."

Mama Mikate alikuwa ameshaingia sebuleni. Aliposikia tingatinga, akaurudisha mkoba wake begani.

"Kwa hiyo ndiyo maana bei ni nafuu," akasema taratibu. "Ulitaka kuniuzia kifusi."

"Mama Mikate, subiri."

"Nisubiri nini? Majirani nao walinidokeza asubuhi hii kwamba nyumba ina alama, nikasema ni wivu wa watu. Kumbe mwenye kijicho alikuwa anasema kweli!"

Akageuka kuondoka.

Mshonaji akamtazama kaka yake, akatazama kuta zilizopakwapakwa ovyo, damu ikamchemka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki nyekundu, kile kibapa ambacho mafundi cherehani huchorea kitambaa. Akakiinua juu.

"Hizo X ni zangu," akasema.

Mama Mikate akasimama mlangoni.

"Zako?" kaka akauliza.

"Zangu. Nimezichora jana mwenyewe."

Hapa inabidi nikueleze, maana hata kaka yake hakujua. Mshonaji huyu ana desturi yake ya kazi. Mteja akileta kitambaa, hakikati kwanza. Anakitandaza mezani mteja akiwa anaona, anakipitisha mkono, na kila penye tundu, doa au uzi uliochomoka anapiga X ya chaki. Mteja akikubali ndipo mkasi unapita. Kesho hawezi kuja kubwata kwamba fundi kaharibu. Basi alipokata shauri kuuza nyumba kama ilivyo, bila kutengeneza hata bawaba, akafanya vilevile. Alizunguka nyumba akaupigia X kila ubovu anaoujua, ili mnunuzi auone kabla ya kutoa shilingi yake. Kuwaambia wenzake akasahau.

"Sasa wewe," akamgeukia kaka yake, "umenifutia kazi ya siku nzima. Shuka."

"Dada, punguza mwendo..."

"Shuka!"

Klachi akashuka. Mshonaji akachukua kitambaa cha kufutia kilichokuwa kinaning'inia kwenye ngazi, akakiendea kile kipande cha ukuta chini ya dirisha, akaifuta rangi mbichi kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Chini ya rangi ukatokea ufa.

"Mama Mikate, rudi uone. Ukitaka kuondoka uondoke ukiwa umeona."

Mama Mikate akarudi, labda kwa udadisi tu. Akainama, akaingiza kidole kwenye ufa. Kidole kikazama chote.

"Umeanzia kwenye dirisha umeshuka mpaka kwenye msingi," mshonaji akamwambia. "Ukisubiri mvua kubwa utaingiza mkono. Kule juu dari limeoza, bati limetoboka. Jikoni bomba linavuja ndani ya ukuta, hakuna anayeyaona hayo maji ila anayeyalipia. Milango miwili ina mchwa. Umeme usiwashe kabisa mpaka upate fundi. Na ukuta wa uani umeinama. Tena huo ndio unaonikosesha usingizi."

"Una lingine?"

"Choo hakina mlango."

Mama Mikate akacheka kicheko kizito kilichomtikisa mabega.

"Nimeona nyumba nyingi mwaka huu. Kila muuzaji ananiambia ni rangi tu, rangi tu. Wewe ndiye wa kwanza kunitisha."

"Sikutishi. Nauza kilichopo. Ukikichukua, mwaka kesho usije kunigongea mlango."

"Na mimi sitakuja. Hizi kuta nilikuwa nazivunja hata hivyo." Mama Mikate akapiga kofi ukutani, akajipangusa rangi kwenye sketi bila kujali. "Naichukua. Ila sikiliza vizuri. Mwanasheria anafunga ofisi adhuhuri. Nataka sahihi mbili, na nataka nyumba tupu leo hii. Mkianza longolongo, ile nyumba ng'ambo ya barabara bado inaniita."

Moyo wa mshonaji ukaruka kwa furaha. Furaha ya kweli, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Akamshika kaka yake mkono.

"Kaka, umesikia? Twende."

Klachi hakusogea.

"Sitii sahihi," akasema.

Unaona mambo? Mwanamke ametoka kupambana na mwizi asiyekuwepo, na tingatinga lisilokuwepo, sasa anapambana na damu yake.

"Kwa nini?"

"Tuitengeneze kwanza. Tuiuze kwa heshima. Baba alijenga nyumba hii kwa mikono yake, leo tuitupe kama gari lililokufa injini?"

"Tuitengeneze na nini?"

"Tutajichanga."

"Tutajichanga!" Mshonaji akaachia msonyo ulioanzia kisiginoni. "Tangu baba afariki, nani kamlipa mlinzi mpaka alipochoka akaondoka? Nani analipa kodi ya ardhi? Nani analipa maji yanayonyweshwa ukuta? Watu wa bima wamenirudisha, wamesema nyumba isiyokaliwa hawaikatii. Mume wangu mwenyewe nilimwomba msaada, akasema hatoi hata msumari, nyumba si yake na yeye hana kitu. Nakanyaga cherehani mpaka magoti yanavimba, jasho langu lote linaishia kwenye dari lililooza. Wewe umechanga nini, kaka? Rangi ya leo?"

Klachi akatazama ndoo yake.

"Na hujui la ukuta wa uani," dada mtu akaendelea, sauti sasa ikimtetemeka. "Mwezi uliopita kipande chake kiliporomoka njiani. Kikaangukia kiti cha yule muuza viatu anayekaa nje ya ukuta. Kiti kikawa kuni. Mwenyewe alikuwa ameinuka dakika ileile kwenda kumtafutia mteja chenji. Ingekuwaje, kaka? Nani angekwenda kwa mkewe kumwambia? Wewe?"

"Hukuniambia hilo."

"Simu yako ilikuwa imezima."

Mama Mikate akatazama saa yake ya mkononi, akajifanya hamnazo, akaenda kusimama barazani. Lakini masikio aliyaacha sebuleni.

"Shangazi hataki iuzwe," Klachi akasema kwa unyonge.

Hapo ndipo alipokosea. Shangazi ni dada wa marehemu, mama mwenye ulimi wa moto. Kwenye kikao cha familia alisimama akasema nyumba ya kaka yake haiuzwi kama mtumba, akamwita mshonaji mwenye tamaa, tena watoto wa mshonaji wakisikia. Tangu siku hiyo mshonaji hakukanyaga kwa shangazi, na shangazi hakukanyaga kwake.

"Shangazi!" akafoka. "Shangazi anakaa kwake, kwenye nyumba yake nzuri yenye maua barazani. Amewahi kuleta hapa hata bati moja? Hii nyumba ikimwangukia mtu, atakwenda kujibu polisi yeye? Mwambie shangazi, kama yupo mahali ananisikia, kwamba nauza. Nauza leo, nauza na mchwa wake, na siombi ruhusa ya mtu ambaye..."

Mtu akakohoa.

Mshonaji akamtazama kaka yake. Mdomo wa kaka ulikuwa umefumbwa, tena umefumbwa kwa nguvu.

Kikohozi kikaja tena, kutoka nyuma, kwenye chumba kile kidogo cha uani ambacho baba yao alikuwa akiwekea vifaa, na ambacho jana mshonaji alikikuta kimefungwa akakiruka. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayejitahidi kujizuia akashindwa.

"Hukuwa wewe," mshonaji akasema. "Tangu mwanzo hukuwa wewe."

"Dada, tusikilizane."

"Nani yuko humo?"

Klachi akakimbilia ukumbini, akaikokota ngazi akaiweka ikaziba njia, akasimama mbele yake mikono ameipanua kama anasimamisha lori.

"Breki, dada! Nakuomba, breki!"

Dada mtu hakuwahi kufundishwa breki. Akainama akapita chini ya ngazi, akampiga kumbo kaka yake, akaufikia mlango. Kwa mshangao wake haukuwa umefungwa. Akausukuma.

Ndani palikuwa pamefagiwa. Palikuwa na kitanda cha kamba kilichotandikwa shuka safi iliyonyooshwa bila kunyanzi, birika juu ya jiko dogo la mafuta, na nguo zimekunjwa juu ya sanduku. Kitandani alikaa mwanamke mzee, mgongo wake umenyooka, kitambaa cha kichwa amekifunga barabara, leso ameibana mdomoni kuzuia kikohozi.

Mshonaji akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

Shikamoo haikuitikiwa.

"Umesikia kila nilichosema?"

"Nina kikohozi," shangazi akasema. "Masikio sina ugonjwa nayo."

"Unafanya nini huku? Ukuta huu unaanguka! Una nyumba yako!"

Shangazi akageuza uso. Ikabidi Klachi, aliyekuwa anahema mlangoni, ajibu badala yake.

"Hana tena. Nilimkuta stendi na sanduku lake. Kwangu ni chumba kimoja na watoto wanne, nikamleta hapa. Akaniapisha nisikuambie. Ndiyo maana sahihi sikuitia, dada, nilikuwa sina pa kumpeleka. Na jana nilipoziona zile X nikajua wanabomoa naye akiwa ndani." Akajifuta uso kwa kiganja, akajipaka rangi zaidi. "Sijalala."

Nakwambia msomaji, hasira yote ya mshonaji ilimwishia palepale. Mwaka mzima alikuwa akimtukana kaka huyu moyoni, kumbe mwenzake alikuwa amebeba mzigo wake kimya kimya. Akaona haya. Lakini haya haikumfanya ajute kuuza. Alitazama juu ya kitanda, akaona dari limevimba kwa maji, na ndipo alipotaka kuuza kuliko jana.

Mama Mikate akachungulia kwa juu ya bega la Klachi. Akamwona mzee. Akashusha pumzi.

"Mimi sinunui nyumba yenye mtu mzima ndani," akasema. Sauti yake haikuwa na ukali safari hii. "Nikimtoa mimi, mikate yangu nani ataila? Malizeni yenu. Mpaka adhuhuri nipo. Baada ya hapo navuka barabara."

"Atatoka," mshonaji akasema.

"Sitoki," shangazi akasema.

"Utatoka, shangazi. Hapa hulali tena. Umenisema vibaya mbele ya watu na bado sijasamehe, lakini hilo tutaligombania ukiwa chini ya bati zima. Funga sanduku lako. Chumba cha wasichana wangu kipo, watalala kitanda kimoja. Unakwenda kwangu."

Shangazi akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamtikisa mpaka Klachi akamletea maji. Alipomaliza, akamtazama mpwa wake usoni kwa mara ya kwanza.

"Kwako? Nikalale na aliyenitoa kwangu?"

"Nani kakutoa?"

"Usinifanye mtoto. Si wewe uliyemtuma?"

"Nimemtuma nani, shangazi?"

Mzee akamchunguza. Alimchunguza kama anatafuta uongo, na kadiri alivyoutafuta ndivyo uso wake mwenyewe ulivyobadilika.

"Mumeo," akasema polepole.

Mzee akashusha leso mapajani.

"Alikuja na maneno matamu. Shangazi, nyumba yako inazeeka, paa litakusumbua, kodi itakusumbua, niuzie mimi kama ilivyo, wewe endelea kukaa humo humo mpaka siku zako ziishe. Akaniambia ni wazo lako, ila unaona aibu kuja mwenyewe. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikauza kwa bei ya kutupa. Nimekaa mpaka mvua za kwanza tu. Akaleta wapangaji, akaniwekea sanduku langu nje." Akavuta leso. "Alichunguza ubovu wote wa ile nyumba akaona ubovu mkubwa ni mimi. Kwenye kikao nilipokuita mwenye tamaa, nilikuwa najua ninachokisema. Au nilidhani najua."

"Mume wangu hana kitu," mshonaji akasema. Alisikia sauti yake inatoka mbali. "Kila mwisho wa mwezi hana kitu."

"Ana nyumba yenye maua barazani," shangazi akasema.

Klachi akashika fremu ya mlango. Mama Mikate, ambaye aliwaambia wamalize yao, hakutoka.

Ungetegemea alie. Hata mimi nilitegemea alie. Mshonaji akavuta pumzi ndefu, akajikaza kisabuni, akapiga magoti mbele ya kitanda, akaanza kupanga nguo za mzee ndani ya sanduku, moja baada ya moja, bila kuharibu mikunjo.

"Unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Nauza nyumba. Nimesema leo, ni leo. Hakuna mwanamume atakayenifanya nibaki na ukuta unaoua watu kwa sababu yeye ni mwongo." Akafunga sanduku. "Kaka, utatia sahihi?"

"Nitatia," Klachi akajibu. Hakutaja klachi wala breki.

"Mama Mikate, una nyumba yako. Inauzwa bila mtu ndani."

"Na mimi nakwenda wapi?" shangazi akauliza, na sasa ukali wote ulikuwa umemtoka, imebaki hofu ya mzee asiye na mlango wa kufunga.

"Kwako."

"Kwangu wapi, mwanangu?"

"Kwako, shangazi. Kule kule alikokutoa. Na leo hii."

Hapo hapo honi ikalia nje, mara mbili, fupi fupi. Wote waliifahamu honi ya pikapu ya mume wa mshonaji. Mumewe alikuwa ameahidi kuja kuwapeleka kwa mwanasheria, na leo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, amefika mapema.

Shangazi akamkamata mshonaji mkono. Klachi akakunja mikono ya shati, akaanza kuelekea mlango wa mbele.

"Rudi, kaka," mshonaji akasema, akainuka, akajipangusa vumbi magotini. "Nitamfungulia mwenyewe."